Etaji ya Lefteri

Lava ya Nyiragongo iliposhuka mpaka Buhene, pembeni ya mji wa Goma, mwezi wa tano mwaka wa 2021, ilifunika nyumba ya Valérie mpaka kwenye madirisha, ikapoa, ikawa jiwe. Yeye na binti zake wawili, Astrid na Cindy, walikuwa wamekimbia na godoro moja, sufuria, na mfuko wa plastiki wenye karatasi za familia. Valérie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane wa miaka arobaini na mitano. Kwa wiki sita walilala Goma, katika darasa moja la parokia, pamoja na familia nyingine nane. Siku moja, alipokuwa akianika karatasi zilizolowa, akaona iliyokuwa ya zamani kuliko zote: barua ya serikali ya mwaka wa 1974, yenye muhuri, ikisema kwamba jengo la biashara lililoko Masisi ni mali ya Byamungu, baba yake.

"Mama, tuko na nyumba Masisi?" Astrid akauliza.

"Ilikuwaka magazini, duka ya koko yenu, baba yangu," Valérie akajibu. "Aliinunua kwa Mugriki mumoja."

Ndivyo mama yake alivyomwambia tangu utoto. Mama huyo alimwacha Byamungu mwaka wa 1980, akahamia Goma na watoto, na kuanzia hapo Valérie alimwona baba yake wakati wa likizo tu, mpaka alipofariki mwaka wa 1995. Hakuwahi kurudi Masisi tangu mazishi. Alichokumbuka kuhusu lile jengo ni vyumba vikubwa vyenye baridi, na baba yake amekaa humo peke yake.

Mnunuzi hakukawia kupatikana. Aliitwa Sylvain, mfanyabiashara wa Mubi, kule Walikale, aliyeanza kwa kuuza sabuni na betri kwa wachimbaji wa madini na sasa alikuwa na malori matatu. Kwenye simu hakuzungusha maneno.

"Mama, mi nataka ile fasi, ile kiwanja, si ile nyumba. Nyumba nitabomoa, nijenge mupya. Tuonane Masisi siku ya tano."

Alhamisi, siku moja kabla ya kuonana, Valérie aliwaacha binti zake kwa mama mmoja waliyelala naye darasani, akapanda gari mpaka Sake, kisha pikipiki. Barabara ilipanda na kushuka kati ya vilima vya malisho, ukungu ukikaa mabondeni, ng'ombe wakivuka bila haraka. Walipoingia mjini motari aliyemwendesha akauliza, "Nikufikishe wapi, mama?"

"Kwa magazini ya Byamungu."

"Byamungu gani?"

"Ile nyumba ya zamani, ya ghorofa."

"Aa! Etaji ya Lefteri! Si ungesema vile tangu mwanzo?"

Jengo lilikuwa katikati ya mji, kuta zake za chini za mawe meusi, za juu za matofali, rangi ikiwa imebanduka kila mahali. Mabati yalikuwa na kutu, na upande mmoja wa ghorofa ulikuwa umeinama. Familia mbili zilikaa juu. Chini, kwenye baraza pana, mwanamke wa miaka sabini hivi, mrefu, aliyevaa kikwembe cha bluu na sweta ya kiume, alikuwa akipima maharage kwa kopo. Pembeni yake zilipangwa jibini za duara.

"Karibu, dada. Maharage ao fromaji?"

"Mi ni Valérie," akasema Valérie. "Mutoto wa Byamungu."

Mwanamke akaweka kopo chini. Alimwangalia usoni.

"Naona sura," akasema. "Mi ni Constance. Njo nalindaka hii nyumba tangu baba yako alikufa. Alinipa funguo kwa mukono wake." Kisha, kabla Valérie hajakaa: "Umekuya kuuza."

Valérie hakuona sababu ya kuficha. Alieleza habari za lava, za barua ya serikali aliyoikuta, za darasa la parokia, za binti zake wanaolala chini. Constance alisikiliza huku akifuta mikono kwenye sweta, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Unajua hii nyumba ilitoka wapi?"

"Baba aliinunua kwa Mugriki."

Constance akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Alinunua! Kaa chini, mutoto yangu. Kaa chini nikuambie."

Alisema kwamba Lefteri alifika Masisi kijana, kutoka kisiwa fulani cha Ugiriki ambako, kwa maneno yake mwenyewe, hakukuwa na kitu isipokuwa mbuzi na upepo. Kwanza alizunguka vijiji na lori bovu, akiuza chumvi na samaki wakavu na kununua maharage. Lori lilipokwama kwenye matope, watu wa kijiji walilisukuma, naye akawalipa chumvi. Alifanya hivyo miaka kumi. Mwaka wa 1956 akaanza kujenga. Mawe yalitoka mtoni, mafundi walitoka Bukavu, na watu wakamcheka kwamba anajenga kanisa la chumvi. Alipomaliza, Masisi ikawa na kitu ambacho haikuwa nacho: duka kubwa lenye kila kitu chini ya paa moja. Chini kulikuwa na majembe, misumari, mafuta, taa na baiskeli. Juu kulikuwa na vitambaa, viatu, cherehani na nguo za arusi.

"Bantu walitoka Nyamitaba kwa miguu, juu ya kupanda zile ngazi tu," Constance akasema. "Hawakununua kitu. Walipanda, walishuka, walicheka. Bwana Lefteri hakuwafukuza. Alisema, 'Leo wanapanda, kesho watanunua.' Na kweli, walinunua."

Constance mwenyewe aliajiriwa mwaka wa 1971, akiwa msichana aliyemaliza masomo ya kushona kwa masista. Aliwekwa juu, kwenye vitambaa. Binti wa Lefteri, aliyeitwa Eleni, alizaliwa Masisi na alizungumza Kihunde vizuri kuliko Kifaransa. Ndiye aliyemfundisha Constance kukunja kitambaa ili mteja aone rangi zote kwa mtazamo mmoja.

"Kisha?" Valérie akauliza.

"Kisha redio ikasema maduka ya wageni yote yatapewa wana-inchi. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa sabini na tatu. Baba yako alikuwa karani wa teritwari, kwa ofisi ya serikali, muntu wa koti na kalamu. Hakukuwa ameuza hata ndizi. Siku moja akaingia na barua. Njo hiyo uko nayo."

Lefteri, alisema Constance, aliisoma barua mara mbili. Hakupiga kelele. Alimwomba Byamungu siku tatu, na katika siku hizo alimtembeza jengo zima, akimwonyesha wapi unyevu unaingia wakati wa mvua, kitambaa kipi kisikae karibu na ukuta, mteja gani anapenda kukaribishwa na kiti. Byamungu aliitikia kwa kichwa bila kusikiliza. Siku ya nne Lefteri akampa funguo, akapakia mke, binti na masanduku mawili kwenye lori, akaenda. Watu walisimama barabarani. Wengine walilia. Wengine, akasema Constance, walifurahi, kwa maana walifikiri sasa vitu vitakuwa vya bure.

"Mwaka moja na nusu," Constance akasema. "Mwaka moja na nusu, rafu zote zikabaki wazi. Ndugu zake walibeba, wakubwa wa Goma walibeba, yeye hakujua kuagiza mupya. Sisi bafanyakazi kumi na mumoja tukarudi kulima. Hapo njo historia ya nyumba yako. Kamata, uza."

Valérie alisimama.

"Baba yangu hakukuwa mwizi."

"Sijasema mwizi. Nimesema alipewa kitu ya muntu, akapokea."

Valérie alichukua begi lake, akaenda kuomba kitanda kwa masista. Alilia huko, si kwa ajili ya Lefteri ambaye hakumjua, bali kwa sababu mambo mengi ya baba yake sasa yalieleweka: kwa nini mama aliondoka, kwa nini mzee hakuwahi kuzungumza juu ya kazi yake, kwa nini alikaa siku nzima katika duka lisilo na bidhaa, amevaa koti, akifuta vumbi kwenye rafu tupu. Akaamua kwamba kesho atatia sahihi, atachukua haki ya watoto wake na hatarudi tena.

Asubuhi sista alimwambia kuna wageni wawili wanamngoja nje. Walikuwa Constance, safari hii bila sweta, amevaa nguo ya kanisani, pamoja na mwanamke mfupi mwenye fimbo na chupa kubwa ya maziwa.

"Jana sikulala muzuri," Constance akasema, akiangalia chini. "Nilikuambia kweli, lakini nilikuambia nusu. Niliogopa. Mi sina fasi ingine. Nikasema, acha huyu mutoto aone haya, labda ataenda bila kuuza. Ile ilikuwa mubaya. Huyu ni Mama Nyirakamana. Anakaa juu kule, kwa ng'ombe. Nimemuita akuambie ile nusu ingine, kwa sababu mi peke yangu hautaniamini tena."

Walikaa kwenye benchi ya masista. Nyirakamana alimimina maziwa kwenye kikombe, akampa Valérie, akangoja anywe kwanza.

"Mwaka wa tisini na tatu," akaanza, "vita ilitoka Walikale ikafika hapa. Ulikuwa wapi?"

"Goma. Kwa shule."

"Basi hukuona. Bantu wenye tulikuwa tunakunywa nao pombe sokoni walianza kuuliza: wewe ni wa kina nani? Nyumba zikachomwa. Kwetu walichoma, na ng'ombe wakakata miguu. Nilikimbia na mutoto mugongoni. Nikafika hapa mujini, sikujua niende wapi. Milango yote ilikuwa imefungwa, ya etaji njo ilikuwa wazi. Baba yako alikuwa amesimama mulangoni na koti yake. Hakuniuliza jina. Alisema tu, 'Ingia, mama, juu kuko nafasi.'"

"Kulikuwa nafasi kwa sababu hakukuwa kitu," Constance akasema taratibu. "Tulimucheka miaka makumi mbili juu ya zile rafu. Kama zingejaa vikwembe, tungelala wapi?"

Walikuwa zaidi ya watu mia mbili. Wahunde kama Constance walikuwamo, na Wanyarwanda wa huko huko Masisi kama Nyirakamana walikuwamo, chini ya paa moja, kila kundi likiogopa jingine. Constance alikuwa upande mmoja wa chumba cha vitambaa, Nyirakamana upande wa pili, na katikati hakuna aliyethubutu kukaa. Siku ya pili kuni ziliisha. Byamungu akaleta shoka, akaanza kupasua rafu, zile zile alizozifuta vumbi kwa miaka ishirini. Walipikia maharage juu ya moto wa mbao za Lefteri. Siku hiyo Nyirakamana alimpa mtoto wa dada yake Constance titi, kwa sababu mama yake alikuwa amekauka maziwa. Baada ya hapo watu walianza kukaa katikati pia.

"Kisha vijana wakakuya na mapanga," Nyirakamana akaendelea. "Wa kwanza walikuwa wa upande wa Constance. Walisema, 'Papa Byamungu, tutolee wale ba Nyirakamana.' Akakataa. Nyuma ya siku tatu wakakuya wengine, wa upande wangu. 'Tutolee wale wengine.' Akakataa tena. Hao njo walimukata."

"Walimkata wapi?" Valérie akauliza, ingawa alijua tayari.

"Mukono wa kushoto. Hapa, juu ya kiwiko."

Valérie alilijua kovu lile. Baba yake alimwambia ameanguka na baiskeli.

"Aliwaambia nini?" akauliza.

Wanawake wawili wakaangaliana. Constance akajibu. "Nilikuwa nyuma yake, nilisikia muzuri. Alisema: 'Hii nyumba mulinipa bila mi kuifanyia kazi. Leo njo naifanyia.' Damu ilikuwa inashuka kwa koti. Walisimama kidogo, kisha wakaenda. Sijui kwa nini walienda. Labda walichoka. Labda waliona haya."

Watu walikaa humo siku kumi na moja. Hakuna aliyekufa ndani ya jengo, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Saa sita Sylvain alifika na pikipiki yake, mtu mnene, mpole, amevaa buti za mpira zenye matope ya Walikale. Valérie alimngoja barazani. Constance alikuwa akipima maharage kama kawaida, lakini masikio yake hayakuwa kwenye maharage.

"Kaka Sylvain," Valérie akasema, "mi nitauza. Batoto yangu wanalala chini, siwezi kudanganya. Lakini niko na maneno mbele ya sahihi."

Akamweleza yote, bila kuficha upande wowote. Sylvain alisikiliza, kofia mkononi. Mwishoni akakuna kichwa.

"Hii habari ni ya kuheshimu," akasema. "Lakini, dada, nikuambie kweli: ghorofa itaanguka. Tazama ule upande. Mbao zimeoza. Mvua mbili tatu, itaua hawa bantu wa juu. Unataka iwaue kwa sababu iko na historia?"

Valérie aliangalia ule upande ulioinama.

"Basi vunja ya juu. Lakini Mama Constance apate chumba chini, mpaka Mungu amuite. Iandikwe ndani ya karatasi. Na zile familia mbili uwape miezi mitatu, na mabati ya zamani wabebe wao."

"Chumba kwa Mama Constance!" Sylvain akasema. "Atauza nini, maharage? Mi nataka kuweka vifaa vya ujenzi."

"Wajenzi hawakulaka maharage?" Constance akauliza bila kuinua kichwa.

Sylvain akacheka mpaka tumbo likatikisika. Walibishana mpaka saa nane, kisha wakaandika mbele ya chifu wa kata, na Nyirakamana akaweka kidole kama shahidi.

Familia za juu zilihama mwezi wa tisa. Mafundi walipoanza kubomoa, ghorofa ilishuka kwa siku nne, mbao zikimeguka kama mkate. Chini, ambako Sylvain alitaka kuta mpya kabla ya kumpa Constance chumba chake, ilikuwa kazi nyingine. Walipiga nyundo wiki nzima kwenye ukuta mmoja wa mawe wakapata tundu la kupitisha mbuzi. Nyundo mbili zilivunjika. Fundi mkuu alimpigia Sylvain simu Mubi akamwambia kwamba yule Mgiriki hakujenga duka, alijenga mlima. Sylvain akaja, akatazama, akapiga hesabu kichwani, akasema waache. Wangejenga juu ya kuta zile zile. Kwa hiyo baraza lilibaki, na vyumba vinne vya chini vilibaki, si kwa sababu ya historia, bali kwa sababu mawe yalikataa.

Valérie alijenga vyumba viwili vya mbao Goma, mbali kidogo na njia ya lava. Wakati wa Noeli aliwaleta Astrid na Cindy Masisi. Walilala kwa Constance, katika chumba chake kipya kilichonukia chokaa. Siku ya pili Constance akatoa bahasha ya zamani kutoka chini ya godoro. Eleni alikuwa amemwandikia mara moja, mwaka wa 1982, kutoka Athene. Constance hakujibu. Hakujua aseme nini.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Uandike."

Valérie akachukua kalamu, akaandika Kifaransa, akisoma kila sentensi kwa sauti na kuieleza. Aliandika kwamba kuta za chini zimesimama bado. Alipofika kwa baba yake, kalamu ikasimama.

"Niandike nini? Kwamba alichukua, ao kwamba aliokoa?"

"Yote mbili," Constance akasema. "Anza na ile ya kwanza. Ile ya pili, kama atapenda, ataisoma. Na andika jina lake muzima. Eleni alimujua kama 'ule wa koti' tu."

Hawakutegemea jibu, anwani ilikuwa ya miaka karibu arobaini. Lakini mwezi wa nne barua ikafika parokiani Goma, imepita mikono mingi, maandishi yakiwa ya mtu ambaye vidole vyake vimechoka. Valérie alipanda Masisi Jumamosi ili aisome mbele ya Constance.

Eleni alikuwa hai, na miaka sabini na tatu. Baba yake, aliandika, alifariki mwaka wa 1987 akiamini jengo limechomwa, na hakupenda mtu alitaje mezani. "Alimkasirikia Bwana Byamungu mpaka mwisho," Valérie akasoma, akitafsiri polepole. "Nadhani angeendelea kukasirika hata kama angeisoma barua yenu. Mimi sijui bado. Nimeisoma mara nyingi. Nafurahi kwamba watu mia mbili walilala ndani. Nafurahi kwamba rafu zilipika maharage. Asante kwa kuniambia yote. Constance, je, unakunja vitambaa bado?"

Constance aliichukua karatasi, akaitazama ingawa Kifaransa chake kilikuwa kimeisha zamani.

"Amejibu kweli," akasema. "Hajasema amesamehe. Ni muzuri hivyo."

Mlangoni fundi mmoja wa Sylvain alikuwa amesimama na sahani, akiuliza kama maharage yameiva. Constance aliikunja barua mara nne, akaiweka ndani ya kikwembe chake kifuani, akaenda kumpakulia.